NGUZO MAMA NA URAFIKI WA KINA MAMA

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wenyeji wa Kigonsera



Tulipoombwa kuzungumza nanyi jioni ya leo, wengine walidhani tutasema habari za bei ya kahawa, na wengine habari za barabara. Mambo hayo ni makubwa na siku yake itafika. Leo twataka kusema juu ya mchezo wa kuigiza, na juu ya urafiki wa kina mama kama mchezo huo unavyouonyesha. Msicheke, wala msidhani tumekuja kupoteza wakati wenu. Mtakapotusikiliza mpaka mwisho mtaona ya kuwa jambo lenyewe ni letu, na lina siku yake katika wiki ijayo.

Sisi tulio mbele yenu ni watu kumi na wanne, wengi wetu wanawake, na wanaume wachache waliokubali kukaa nasi. Kwa muda wa miezi minne tumekuwa tukikutana kila Jumamosi jioni, baada ya kazi ya shamba, kusoma mchezo mmoja kwa sauti. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kilipita mkononi kwa huyu na yule. Asiyejua kusoma alisomewa maneno yake mpaka akayashika kichwani, na mara nyingi ndiye aliyeyasema vizuri kuliko sisi tuliosoma.

Kigonsera yetu yajulikana kuwa ni mahali pa elimu. Misheni ya Wabenediktini ilifunguliwa hapa mwaka 1899, na katika seminari ya hapa alipita kijana Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi. Twajivunia hayo. Lakini elimu si ya darasani peke yake. Yako mambo ambayo mtu hawezi kuyaona mpaka awekwe kando kidogo, ayatazame kama ya mtu mwingine, na hiyo ndiyo kazi ya mchezo.

Mchezo tuliousoma waitwa Nguzo Mama. Umetungwa na Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika Wilaya ya Kilosa, ambaye wengi wamjua pia kwa jina la Profesa Penina Mlama. Alisomesha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kabla ya mchezo huu alikuwa amekwisha kutoa Hatia mwaka 1972, Heshima Yangu mwaka 1974, na Pambo mwaka 1975. Nguzo Mama ulichapwa mwaka 1982. Wakati ule dunia ilikuwa katika Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, yaani miaka kumi tangu 1976 mpaka 1985, na kila mkutano ulijaa hotuba juu ya maendeleo ya mwanamke. Mama huyu hakuongeza hotuba nyingine. Alitunga hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika kijiji kiitwacho Patata iko nguzo, na jina lake ni Nguzo Mama. Nguzo hiyo haijasimama, na kazi ya kuisimamisha ni ya wanawake wa kijiji. Wanawake hao hawana majina kama yetu. Waitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, na kuendelea mpaka Bi Nane. Yuko pia Bi Msimulizi, ambaye kazi yake ni kutueleza habari, kama bibi anavyowaeleza wajukuu hadithi jikoni. Wanawake wajaribu kuisimamisha nguzo. Washindwa, wajaribu tena. Wagombana. Mmoja baada ya mwingine avutwa na shida zake: mume, ndugu za mume, riziki ya watoto. Mmoja wao afiwa na mume, na ndugu za marehemu waja kuchukua mali. Mwisho wa mchezo nguzo bado haijasimama.

Basi, ndugu zetu, huo ndio mchezo. Sasa twataka kusema tulivyouelewa, maana siku ya kwanza hatukuuelewa hata kidogo.

Tulipomaliza kuusoma mara ya kwanza, mzee mmoja kati yetu alicheka sana. Akasema mama huyu amesema kweli tupu, maana wanawake hawapendani, na adui wa mwanamke ni mwanamke mwenziwe. Mkiwaweka wanane pamoja, alisema, hata mti mmoja hawawezi kuusimamisha. Baadhi ya kina mama walikasirika, si kwa mzee, bali kwa mtungaji. Waliona amewaaibisha mbele ya wanaume. Mmoja alisema yafaa tutafute mchezo mwingine ambao mwisho wake ni mzuri, wanawake wote wakumbatiane na kuimba.

Tulibishana hata giza likaingia. Tukakubaliana ya kuwa hatutabishana tena kwa maneno, ila Jumamosi ya pili tutaucheza, ili tuone kwa macho.

Jumamosi ile tulikata mti wa mkaratusi, mrefu kiasi cha hatua sita, tukaufunga kamba za katani. Kina mama wanane walishika kamba. Tulidhani kuusimamisha mti ule ni kazi ya dakika mbili. Ndugu, mti mbichi una uzito wake. Tulipofika katikati, mti uko juu kiasi cha kifua, mama mmoja aliitwa na mtoto wake akaachia kamba. Mti haukuanguka, ila waliobaki walihisi uzito umeongezeka mikononi. Wa pili alichomwa na kamba kiganjani, akaachia. Hapo wa tatu akaanza kumlaumu wa pili. Mti ukalala.

Hakuna aliyecheka. Hata yule mzee alinyamaza. Maana sote tuliona kwa macho yetu ya kuwa wale wanawake hawakuchukiana. Mama aliyeitwa na mtoto hakuwa na chuki na mtu yeyote. Mtoto alilia, akamfuata. Aliyechomwa na kamba hakuwa adui wa mtu. Ugomvi haukuwa chanzo cha kuanguka kwa mti. Ulikuja baadaye, mti ulipokwisha kuwa mzito kwa waliobaki.

Hilo, ndugu wanachama, ndilo neno ambalo twaona mchezo huu wasema. Mwenye kusema wanawake hawapendani hajautazama mchezo vizuri. Tazameni kila Bi mmoja anapoondoka katika nguzo, mkamuulize: waenda wapi? Hakuna anayekwenda kucheza. Kila mmoja anakwenda kuzima moto nyumbani kwake. Na kwa kuwa kila mmoja auzima moto wake peke yake, nguzo ambayo ingewaokoa wote yakosa mikono. Ndipo wanapolaumiana. Mtungaji hakuwaaibisha wanawake. Amewaonyesha, na kutuonyesha sisi wanaume na wanawake, jinsi mtu mzuri anavyoweza kumwacha rafiki yake bila kumchukia.

Na hayo majina ya hesabu, Bi Moja mpaka Bi Nane, tumeyafikiri sana. Huenda mtungaji ana sababu zake. Sisi twaona hivi: mwanamke asiye na jina ni mwanamke yeyote. Ni mama wa Kigonsera, ni mama wa Liuli, ni mama wa Berega. Hakuna awezaye kukaa kitako na kusema, hizo ni habari za jirani.

Sasa yupo atakayeuliza: je, nguzo haikupata kusimama hata siku moja katika nchi hii? Ilipata kusimama, na wazee waliopo hapa wanajua. Twaomba ruhusa tuwakumbushe vijana.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Katika mwaka wake wa kwanza kilikuwa chama cha wanaume. Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam Bwana John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Swali lile liliwagusa viongozi. Ndipo alipoombwa Bibi Titi Mohamed aingie katika kazi. Bibi Titi hakuwa mtu wa ofisi. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma ya kina mama kilichoitwa Bomba. Na tazameni alivyofanya. Hakuanza na hotuba ya hadharani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya kina mama wa mjini, akasema nao. Kila kiongozi akasema na watu wake. Katika muda wa miezi michache wanawake walioingia TANU walihesabiwa kwa maelfu.

Kwa nini iliwezekana? Twasema kwa sababu urafiki wao ulikuwa umekwisha kujengwa kabla siasa haijafika. Vikundi vile vilikuwa na sare, vilikuwa na viongozi, vilikuwa na michango. Mwenzao akifiwa, walikwenda. Mwenzao akioza binti, walikwenda na vyombo. Hakuna aliyesema, nitakwenda nikipata nafasi. Ilikuwa ni sheria ya kikundi. Kwa hiyo siku walipoambiwa, kuna kamba nyingine ya kuvuta, mikono ilikuwapo tayari, na mikono ilikuwa imezoea kuvuta pamoja. Mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoanzishwa, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Yafaa tuseme na lililofuata, maana twataka kusema kweli yote. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na akatolewa kwa msamaha mwaka 1972. Aliishi mpaka mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Hatukuja hapa kuhukumu kesi ile. Twasema tu ya kuwa mtu aliyewakusanya maelfu aweza siku moja kukaa peke yake, na kwamba kusimamisha nguzo ni kazi moja, na kuishikilia isianguke ni kazi nyingine.

Tuyaache ya pwani, turudi nyumbani, maana wengine watasema Dar es Salaam ni mbali.

Hapa kwetu katika milima ya Umatengo, urafiki wa kina mama haukuletwa na mtu. Tazameni ngoro. Mwanamume afyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba juu ya mteremko. Kisha mama ashika jembe, achimba udongo katikati ya kila mraba, ayafunika majani, apanda maharage juu ya kingo. Msimu unaofuata apanda mahindi. Hivyo ndivyo milima yetu iliyosimama kama ukuta imelimwa kwa vizazi vingi bila kuporomoka. Wageni wenye elimu ya udongo wamekuja kutoka nchi za mbali kujifunza kazi hiyo. Lakini ni mama gani awezaye kuchimba mteremko mzima peke yake kabla mvua haijaisha? Ndiyo maana tuna ngokela. Leo twaenda kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Mwenye shamba apika, watu walima, na shamba laisha.

Tazameni ngoma ya kina mama, ambayo huku milimani twaiita kioda na wenzetu wa ziwani waiita chioda. Kina mama husimama kwa mistari, nguo zao sare, mguu mmoja kwa wote. Anayekosea hatua aharibu mstari mzima, na kwa hiyo wenziwe humfundisha mpaka ajue. Wageni wakija kutoka kijiji kingine hupikiwa na kulazwa. Na mama wa Mbamba Bay anapopanda mlima na usipa wake, anajua mlango wa kubisha hodi, maana mwenye mlango huo akishuka ziwani atalala kwake.

Kwa hiyo, ndugu, hatukubali neno la kuwa wanawake wetu hawajui kuungana. Wanajua. Lakini hatuna budi kujiuliza swali moja gumu. Mbona twaungana kwa jembe, kwa ngoma na kwa msiba, lakini likija jambo la haki, hasa haki juu ya mali, kila mmoja huenda peke yake?

Sisi twaona jibu ni hili. Jembe halimuudhi mtu. Kina mama ishirini wakienda kulima, waume hufurahi. Kina mama ishirini wakienda kudai, kuna atakayeudhika, na huyo atakayeudhika yumo katika nyumba ya mmoja wao. Ni mume wake, ni kaka wa mume, ni mjomba, ni mtu aliyemkopesha. Basi kila mama huipima hasara yake, akaachia kamba polepole, akisema moyoni, wenzangu wapo. Na wenzake nao wanasema hivyo hivyo.

Sasa twafika penye jambo zito, nalo latuhusu sisi wenyewe tunaosema.

Kati yetu watu kumi na wanne yumo mama mmoja mjane. Jina lake hatutalitaja, na ametupa ruhusa kusema haya. Alilima na mumewe kwa miaka mingi. Miche ya kahawa waliipanda pamoja, ila katika chama cha ushirika jina lililoandikwa lilikuwa la mume peke yake, kama ilivyo katika nyumba nyingi hapa. Mume alipofariki, ndugu zake waliitisha kikao cha ukoo. Mama akatujia Jumamosi moja, akatuomba twende naye kikaoni. Hakutaka tuseme neno. Alitaka tukae tu, aone nyuso zetu.

Sote tulisema ndiyo.

Siku ya kikao ilipofika, mmoja wetu alikuwa na kahawa mbivu ya kumenya, nayo haingojei. Mwingine mtoto wake alikuwa na homa. Mwingine mumewe alimkataza, kwa sababu yeye ni jamaa wa ukoo ule. Wanaume tulio katika kikundi tulisema ni mambo ya ukoo, hayafai kuingiliwa. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyesema uongo. Mama alikwenda peke yake, akakaa peke yake mbele ya wanaume tisa, na aliporudi alikuwa amebakiziwa mteremko wa ngoro na nyumba. Kahawa yote ilikuwa imechukuliwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja kusoma kama kawaida. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Alisoma sehemu yake, na sehemu yenyewe ilikuwa ile ya mjane. Ndugu zetu, mlio na moyo mtaelewa tulivyokaa siku ile. Kitabu kilipita mkononi, na kila aliyekishika alitazama chini. Sisi tuliokuwa tukibishana kama wanawake wa Patata wanapendana au hawapendani, tulikuwa tumekwisha kuigiza mchezo mzima bila jukwaa.

Ndipo tulipoanza kuuliza sheria yasema nini, na twataka mwijue, kwa kuwa wengi twadhani sheria ni ile isemwayo na mwenye sauti kubwa katika kikao.

Mwaka 1963 Serikali ilitoa Tamko la sheria za mila juu ya urithi. Kwa tamko lile, mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2005 wajane wawili walipeleka kanuni hizo mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama ilikiri ya kuwa zinabagua, lakini haikuzifuta. Wajane wale hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua ya kuwa nchi yetu imewakosea haki zao. Huo ni upande mmoja, na ni upande mgumu.

Upande wa pili ni huu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yatambua mali iliyochumwa na mume na mke kwa jasho lao pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua ya kuwa kazi ya mke nyumbani nayo ni jasho, yahesabiwa katika kuchuma mali. Shauri lile lilikuwa la talaka, si la mirathi, na mtu asije akawadanganya. Lakini neno lililosemwa pale ni kubwa: mwanamke aliyepika, aliyelea na aliyelima hakukaa bure. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hiyo yasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Sheria hiyo hiyo yaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Mwaona, basi. Sheria nayo ni kama ule mti wetu wa mkaratusi. Uko pale, umelala, kamba zimefungwa. Haujisimamishi wenyewe. Wajane wawili waliuvuta kutoka mwaka 2005 mpaka mwaka 2015. Kila neno zuri lililo katika vitabu vya sheria, yuko mtu aliyelivuta.

Yuko atakayesema: ninyi mwataka kuwagombanisha wake na waume, na kuvunja koo. Hatutaki hivyo. Wazee wetu hapa walikuwa na sengu, ambapo wakubwa na wadogo walikula pamoja na kuhukumu pamoja, ili asiwepo mtu anayelala na njaa katika ukoo. Mwenye kumwacha mjane bila kahawa hailindi sengu, anaizika. Na ninyi wazee mlio mbele yetu, mna mabinti mliowaoza koo nyingine. Siku waume zao watakapofariki, mngependa binti yenu akae peke yake mbele ya wanaume tisa?

Tena twasema na vijana. Mwaka 1996 akina mama wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huyu Penina Mlama na mwenziwe Amandina Lihamba, walianzisha mpango uitwao Tuseme. Waliwapa wasichana wa shule za sekondari michezo, ngoma na nyimbo, ili waseme wenyewe yanayowazuia kusoma. Tazameni jina lenyewe. Hawakuuita Niseme. Msichana mmoja akisema peke yake huitwa mkaidi. Wakisema arobaini jukwaani, mwalimu husikiliza. Na tukumbuke ya kuwa walioanzisha mpango ule ni marafiki waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Aliyeandika habari ya nguzo isiyosimama hakukaa chini kulia juu yake.

Sasa tumalize, maana kumekuchwa na wengine mna safari.

Twaomba mambo matatu. La kwanza ni la kina mama. Katika kila kikundi cha ngokela na kila kikundi cha kioda, wekeni sharti moja zaidi. Kama vile mnavyokwenda wote kwa jembe na kwa msiba, mwende wote siku mwenzenu anapoitwa barazani. Na mkubaliane kabla ya siku yenyewe: nani atabaki na watoto, nani atamenya kahawa ya mwenziwe, nani atasema na mume wa fulani. Maana tumejifunza ya kuwa si chuki inayotuachisha kamba, ni mtoto anayelia na kahawa isiyongoja. Urafiki wa kupendana tunao tayari. Uliokosekana ni ule wa kupanga.

La pili ni la waume. Ukipeleka kahawa yako katika chama cha ushirika, na jina la mkeo liandikwe. Fanya hivyo ungali hai na mkono wako waweza kushika kalamu. Ukingoja, wengine watakuandikia.

La tatu ni la sote. Yule mama hakunyamaza. Amepeleka jambo lake mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, nalo litakaa Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Hatutawaambia wajumbe wapatanishe vipi. Hiyo ni kazi yao, nao watasikiliza pande zote mbili. Sisi twasema tu ya kuwa safari hii hatakaa peke yake. Mwenye kahawa ya kumenya amekwisha kupata wa kumsaidia. Mwenye mtoto mdogo, bibi yake mtoto amekubali kukaa naye. Aliyekatazwa na mumewe amesema naye, na mumewe amesema atakuja yeye mwenyewe, akae karibu na ukoo wake lakini aseme kweli. Na wanaume wa kikundi, tuliosema haya ni mambo ya ukoo, tutakuwa wa kwanza kufika.

Kwa kitabu hiki kimoja tulichokisoma mpaka kikachanika jalada, twaona mtungaji aliacha nguzo imelala makusudi. Kama ingesimama jukwaani, tungepiga makofi tukaenda kulala. Ameiacha kwa ajili yetu.

Anayekuja Alhamisi, aje. Saa tatu, barazani.